Nimekariri majedwali yote ya Kilatini, lakini mistari miwili tu ya kitabu halisi inanishinda

mwanafunzi_wa_jioni (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa waliokwisha kupita njia hii.

Nina miezi mitano sasa najifunza Kilatini peke yangu, bila mwalimu, saa moja kila jioni. Kitabu ninachotumia ni kile cha Wheelock chenye sura 40, na nimefika sura ya 12. Sijaruka zoezi hata moja. Majedwali yote ya maumbo ya maneno mpaka hapo yamo kichwani: niamshe usiku wa manane nitakutajia mensa, mensae, mensae, mensam, mensā, umoja na wingi, bila kusita.

Lengo langu ni moja. Nataka kumsoma Mtakatifu Augustino kwa maneno yake mwenyewe, hasa kitabu chake Confessiones (Maungamo), pale anaposimulia maisha yake huku akizungumza na Mungu. Nimekisoma kwa tafsiri mara mbili na kila mara nahisi kuna pazia kati yangu na yeye.

Wiki iliyopita nikajipa moyo, nikafungua ukurasa wa kwanza. Nilikaa saa nzima kwenye mistari miwili. Maneno mengi nilikuwa nayajua, yale mengine nikayatafuta kwenye kamusi. Nilifanya kama kitabu kinavyofundisha: tafuta kitenzi, tafuta mtenda, kisha nikaandika maana ya Kiingereza juu ya kila neno kwa penseli. Halafu ile tafsiri ya Kiingereza nikaigeuza kwa Kiswahili ili iniingie. Nilipomaliza, juu ya kila mstari wa wino kulikuwa na mistari miwili ya penseli, na bado sikujua anasema nini. Imeniuma sana, sifichi.

Maswali yangu: je, nibadilishe kitabu? Je, majedwali niliyokariri ni kazi bure? Na matamshi: jina la Cicero, yule mwandishi wa Kirumi, nilisome kwa K au kwa CH? Maana nimesikia yote mawili na kila upande unasema ndio sahihi.

Asanteni.

kamusi_mkononi

Usihame kitabu mkuu. Wengi tunaowaona wakiacha Kilatini ni wale wenye vitabu vinne, kila kimoja kimesomwa hadi sura ya 5. Cha Wheelock kimetumika tangu mwaka 1956 na watu wamefika kwa Cicero na mshairi Vergilius kupitia hicho hicho.

Nikuulize jambo moja: ukiandika msamiati kwenye daftari, nomino unaiandika peke yake, au pamoja na genitivi yake, yaani lile umbo la "ya mfalme"? Kama unaandika rex = mfalme ukaishia hapo, umejitegea mtego. Andika rex, regis. Andika iter, itineris (safari). Ukikutana na regem au itinere katikati ya sentensi, neno rex peke yake halitakusaidia, kwa sababu shina limejificha kwenye lile umbo la pili. Vitenzi navyo viandike na maumbo yake yote manne: fero, ferre, tuli, latum (kubeba). Mtu aliyeandika fero peke yake atapekua kamusi nusu saa akitafuta tulit.

Kuhusu K na CH, wengine watakujibu.

soma_kwa_sauti

Mleta mada, nimesoma habari ya ile mistari ya penseli nikaliona daftari langu la zamani. Nilifanya hivyo hivyo mwaka mzima. Kwa hiyo nitaandika kirefu, univumilie.

Kwa kila sentensi unavuka mto mara mbili: kwanza kutoka Kilatini kwenda Kiingereza, halafu Kiingereza kwenda Kiswahili. Ule mvuko wa kwanza ndio unaokuchosha, na hukuwa na haja nao. Mjengo wa kitenzi cha Kilatini uko karibu na Kiswahili kuliko ulivyo karibu na Kiingereza. Hakuna aliyeniambia hilo nilipoanza, ndiyo maana nalisema kwa kila anayeanza.

Chukua neno amabitur. Kiingereza kinahitaji maneno manne kulitafsiri. Sisi tuna moja: atapendwa. Likate uone: ama- ni -pend-, -bi- ni -ta-, na -tur inabeba mtu anayetajwa pamoja na kutendwa, kazi ambayo kwetu imegawanywa kati ya a- ya mwanzo na -wa ya mwisho. Warumi walipachika nyuma, sisi tunapachika mbele na nyuma. Amant, wanapenda. Amabat, alikuwa akipenda. Vitabu vilivyoandikwa kwa wasomaji wa Kiingereza hutumia kurasa na kurasa kueleza kwamba kitenzi kinaweza kumbeba mtenda ndani yake, au kwamba kivumishi ni lazima kifuate nomino yake. Wewe hayo umeyanyonya pamoja na maziwa ya mama. Pita haraka.

Kuna pahali wanafunzi wengi hukwama: nauta, baharia. Neno linaishia na -a kama puella, msichana, lakini tunasema nauta bonus (baharia mwema, kivumishi cha kiume), hatusemi nauta bona (cha kike). Mwenye Kiswahili hapaswi kuhangaika na hili hata dakika tano. Kijana lina ki- mbele, mbona hatusemi kijana kizuri? Kwa sababu ni mtu, na upatanisho unamfuata mtu, haufuati herufi za mwanzo. Nauta ni hivyo hivyo: umbo ni la kundi la kwanza la nomino, zile za -a, lakini kivumishi kinaangalia jinsia ya neno. Agricola (mkulima) na poeta (mshairi) pia.

Sasa nije kwenye kile kilichonifungulia mlango.

Nilikuwa nikisoma sentensi kama puerum puella vocat, naelewa kila mara kwamba mvulana anamwita msichana, kwa sababu puerum limetangulia. Jedwali nilikuwa nalijua. Nilikuwa najua kabisa kuwa -um hapo ni akusativi, umbo la anayetendwa. Lakini jicho lilikuwa linasoma kwa mpangilio wa maneno, na ile -um nilikuwa naikumbuka baadaye, kama mtu anayekumbuka ufunguo akiwa ameshafika mlangoni. Siku moja nikaamua kuisoma ile -m kama -m- yetu ya anamwita. Puerum: mvulana, yeye ndiye wa -m-, kuna mtu atamfanya kitu. Puella: msichana, huyu ndiye wa a-. Vocat: anamwita. Mvulana yule, msichana anamwita. Kufanana kwa herufi hizo mbili ni bahati tu, na wingi wa akusativi hauna -m, lakini kwa umoja ilinitosha. Nilianza kuusikia mwisho wa neno wakati ule ule ninapolisoma.

Jaribu na hizi mbili, zisome polepole kwa sauti:

Puellae rosam dat.
Puellae rosam dant.

Puellae peke yake inaweza kuwa ya msichana, kwa msichana, wasichana, au enyi wasichana. Mtu wa majedwali husimama hapo na kuanza kuchagua. Usichague. Libebe neno likiwa wazi, nenda nalo. Rosam: kuna waridi, nalo linatendwa kitu. Dat: anatoa, ni mmoja, kwa hiyo puellae ndiye anayepewa. Anampa msichana waridi. Katika ile ya pili dant inakuambia ni wengi, basi wasichana wenyewe ndio wanaotoa. Herufi moja tu, n, imegeuza sentensi nzima, na imekuja mwishoni kabisa. Kilatini kinataka msomaji anayeweza kungoja. Uwezo huo jedwali haukupi. Unaupata kwa kusoma sentensi nyepesi kwa mamia, mpaka kungoja kuwe mazoea.

Ndiyo maana kwa swali lako la kwanza nitasema: usikiache cha Wheelock, ila ongeza kitabu cha pili chenye Kilatini kingi na chepesi. Mimi nilitumia Familia Romana cha Hans Ørberg, Mdenmaki. Kina sura 35, na ndani yake hakuna lugha nyingine ila Kilatini. Maneno mapya yanaelezwa pembeni kwa picha au kwa Kilatini rahisi, na sura ya kwanza ni ramani tu: mito, visiwa, miji. Kila sura nilikuwa naisoma mara tano, kwa sauti, siku tofauti. Mara ya kwanza naelewa nusu. Mara ya tano nilikuwa siitafsiri tena. Penseli iweke mbali kabisa.

Matamshi. Wasomi wanaofuata Kilatini cha zama za Cicero husoma c kuwa K popote, v kama W, na ae kama ai. Kilatini cha kanisa husoma c kuwa CH ikifuatwa na e au i, na ae kuwa e. Chagua kimoja ukae nacho. Wote wawili ni watu wazima wanaoelewana. Chenye madhara ni kuchanganya, na zaidi ya hapo ni mambo mawili yanayotukwaza sisi hasa.

La kwanza ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wetu unataka kufanya hivyo kila mahali. Kilatini hufanya hivyo ikiwa tu silabi hiyo ni nzito, yaani ina irabu ndefu au imefungwa na konsonanti. Ikiwa nyepesi, mkazo unarudi nyuma hatua moja. Kwa hiyo a-MA-re na pu-EL-la ni kama kwetu, lakini ni DO-mi-nus na FE-mi-na. La pili ni urefu wa irabu. Vile vistari juu ya herufi usivipuuze: liber ni kitabu, līber ni aliye huru, venit anakuja, vēnit alikuja, malum ni uovu, mālum ni tofaa. Ukijifunza neno bila urefu wake utalijifunza upya baadaye, na mara ya pili ni ngumu zaidi.

binti_sarufi

Kaka soma_kwa_sauti ameeleza vizuri na ule mfano wa dat na dant nitaubeba. Lakini nisingependa mleta mada aondoke hapa akidhani kusoma tu kutamfikisha. Mimi nilianza na kitabu hicho cha Ørberg peke yake, sikutaka kuona jedwali. Hadi sura ya 15 nilikuwa nafurahia kila jioni. Ya 16 ndiyo iliyonisimamisha. Pale vinaingia vitenzi vyenye umbo la kutendwa na maana ya kutenda: loquor, nasema, sequor, nafuata. Mimi kila nikiona -tur nasoma "-wa", na hadithi ikawa haieleweki, kana kwamba watu wote wanasemwa na kufuatwa. Nilikaa hapo karibu mwezi mzima. Kilichonitoa ni kukaa chini na kitabu cha sarufi, kusoma kurasa mbili, na kuandika orodha ya vitenzi hivyo kwa mkono.

Baadaye nikagundua kwamba hata hivyo tunavyo. Naelewa. Nimechelewa. Vina -wa mwishoni kama kupendwa, lakini hakuna anayesikia kutendwa ndani yake. Loquitur nimeiweka kichwani pamoja na anaelewa, na haijanisumbua tena.

Kwa hiyo mleta mada, majedwali yako si kazi bure hata kidogo. Ukifika huko utashukuru kwamba unayo. Wewe umepungukiwa kusoma, mimi nilipungukiwa sarufi, na ukweli ni kwamba uko mahali pazuri kuliko nilipokuwa.

Na lile neno mensa unalolikariri usiku, ulishajua ni meza? Wareno walilipata kutoka Kilatini wakawa na mesa, na sisi tukalipata kwao. Mvinyo nao ni vinum kwa njia hiyo hiyo. Na septem, octo, novem, decem (saba, nane, tisa, kumi) ziko kwenye miezi yetu. Desemba ulikuwa wa kumi kwa sababu mwaka wa zamani wa Warumi ulianza Machi. Mimi maneno kama haya yananipa furaha ya ajabu, kama kukutana na ndugu ugenini.

mwanafunzi_wa_jioni (mleta mada)

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nilitaka kwanza nijaribu ndipo niandike.

Nimefanya hivi: nusu saa ya Wheelock bila penseli juu ya maneno, nusu saa ya Familia Romana kwa sauti. Nimefika sura ya 6 huko. Mwanzoni niliona aibu kusoma sentensi rahisi namna ile baada ya miezi mitano. Aibu ilikwisha siku ya nne. Nilikuwa nasoma kuhusu wale watoto wanavyogombana, nikajikuta nimemkasirikia Marcus kwa kumpiga dada yake. Nikasimama. Nilikuwa nimemkasirikia kabla sijatafsiri chochote. Hakuna Kiingereza kilichopita kichwani, wala Kiswahili. Sijui niwaelezeje nilivyojisikia. Nilifunga kitabu nikatembea chumbani kidogo ndipo nikarudi kukaa.

Msamiati nimeuandika upya wote na genitivi, daftari jipya. Kamusi_mkononi, nilikuwa nimejitegea mtego kweli: zaidi ya nusu ya nomino za kundi la tatu, zile kama rex, regis, nilikuwa nazo kwa umbo la kwanza peke yake.

Matamshi nimechagua ya kanisa, kwa sababu ya kitabu ninachotaka kukifikia. DO-mi-nus bado inanitoka do-MI-nus nikichoka.

Nabaki na swali moja. Augustino nimrudie lini? Nisubiri nimalize vitabu vyote viwili? Naogopa nikisubiri mno hamu itapoa, na naogopa nikirudi mapema atanivunja moyo tena.

soma_kwa_sauti

Nimefurahi sana kwa habari ya Marcus. Hicho ndicho nilichokuwa nataka kukueleza pale juu, sikupata maneno.

Kuhusu Augustino, kumbuka yeye mwenyewe amelizungumzia jambo hili hili, na ni katika kitabu cha kwanza cha hiyo Confessiones unayoitamani. Alizaliwa mwaka 354 kule Thagaste, mji ulioko Algeria ya leo. Anasimulia kwamba Kigiriki alikichukia, maana alisukumwa nacho kwa vitisho na adhabu kali, hata hadithi tamu za Homer, mshairi wa Kigiriki, zikawa chungu. Kilatini alikipata utotoni bila hofu, kwa kusikiliza tu, kati ya walezi waliombembeleza na watu waliocheka na kucheza naye. Ukifika ukurasa huo utausoma kwa macho tofauti na ya wengine.

Lakini ule ukurasa wa kwanza uliokushinda nisingempa mtu wa miezi mitano. Ni sala, si masimulizi. Tena imefumwa kwa maneno ya Zaburi, kwa hiyo asiyezijua Zaburi kwa Kilatini anakuta sentensi zinazoruka kutoka kumsifu Mungu hadi kumhoji bila kujua zimetokea wapi. Ugumu haukuwa wako peke yako.

Kwa hiyo usisubiri umalize vitabu viwili, ila usirudi pale moja kwa moja. Ukivuka sura ya 20 ya Familia Romana, fungua Injili ya Yohana katika Vulgata, ile tafsiri ya Jerome ya mwishoni mwa karne ya 4. Sentensi zake ni fupi, maneno yanarudiwarudiwa, na habari yenyewe unaijua, hivyo akili inabaki na kazi moja tu ya kusikiliza Kilatini. Sura moja kwa wiki, kwa sauti, inatosha kabisa.

Halafu nenda kwenye Zaburi ya 145. Kwenye Vulgata itafute namba 144, maana hesabu yao inapishana na ya Biblia zetu nyingi. Isome kila siku mpaka uweze kuisema bila kitabu, hasa aya ya 3. Ukishaiweka kichwani ndipo umfungue Augustino. Maneno yake ya kwanza kabisa yanatoka hapo, karibu neno kwa neno.

Ukikwama kwenye sentensi yoyote iandike hapa hapa kwa Kilatini, pamoja na vistari vya irabu. Tafsiri usiiandike. Tuambie tu ulikuwa unangojea nini ulipofika kwenye neno lililokusimamisha.